Anza na kibao: ushauri kwa anayeunda jeshi dogo la vita vya Kivu

Kabla hujanunua askari hata mmoja wa risasi, amua kibao atakachosimama juu yake. Wengi huanza kinyume. Wanaagiza pakiti za askari wa milimita 6, wanawapaka rangi usiku kucha, kisha ndipo wanaulizana: tuwabandike wangapi, na juu ya kitu cha upana gani? Gundi ikishashika, uamuzi mbaya haufutiki kirahisi. Askari wa kimo hicho ukimbandua kwa kisu, anakuachia miguu.

Nawaandikia wale wanaotaka kuiweka Kivu Kaskazini mezani, hasa vilima vya Masisi na misitu ya Walikale, kwa askari wadogo kabisa: wa milimita 3, 6 na 10. Wa milimita 28 wana mambo yao. Wale hutembezwa mmoja mmoja. Mdogo hatembei peke yake. Kinachosogezwa ni kibao, na kibao ndicho kikosi chenyewe. Ndicho kinachoonyesha kikosi kimeelekea wapi, kimetanda kiasi gani, ubavu wake uko upande gani, na kama kinaweza kupenya mahali fulani au la. Sanamu zilizo juu yake zinafurahisha macho tu.

Basi niseme mapema ninachokiamini: usipime kibao kwa kuangalia askari, kipime kwa kuangalia ardhi.

Na ardhi yenyewe si moja. Masisi ni kama kilomita za mraba 4,700 za milima ya malisho, ng'ombe na jibini, yenye migongo myembamba na mabonde yanayoporomoka ghafla. Walikale ni zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na sehemu kubwa ni msitu wa mvua. Ukifuata barabara kutoka Sake, ukapita Masisi mjini na kuendelea magharibi, unashuka kutoka baridi ya milimani hadi joto la bonde la mto Lowa. Ni meza mbili tofauti. Kibao kinachokaa vizuri kwenye malisho ya Masisi kinaweza kukwama Walikale kabla ya zamu ya tatu.

Kuhusu vita gani ya kuchagua, mimi nina msimamo. Vita vya sasa siviweki mezani. Masisi mjini iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, Walikale mjini Machi mwaka huohuo, na watu waliokimbia bado wanahesabu waliopotea. Anayetaka kuvichezea ana uhuru wake, lakini asiniombe vipimo. Historia ya mkoa ina mapigano ya zamani ya kutosha. Kuna mpaka wa Ziwa Kivu wa 1914 hadi 1916, ambapo Force Publique, jeshi la Kongo ya Ubelgiji, ilikabiliana na askari wa Kijerumani wa Kapteni Max Wintgens pande za Gisenyi, mpaka Jenerali Charles Tombeur alipoanzisha mashambulizi makubwa ya 1916, akiwa na brigedi mbili chini ya Molitor na Olsen, yaliyofika Kigali mwezi Mei na Tabora mwezi Septemba. Na kuna uasi wa Masisi-Lubutu wa 1944, wafuasi wa dini ya Kitawala chini ya kiongozi wao Bushiri walipoinuka katika misitu ya Wakumu dhidi ya utawala uliokuwa ukiwakamua kazi za lazima kwa ajili ya vita vya dunia. Vita hivi viwili vinahitaji vibao viwili tofauti, na sababu utaiona hivi punde.

Wazo la kukata kipande kulingana na ardhi si langu. Mwaka 1824 luteni wa Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani za uwiano wa 1:8000. Vipande vyake havikuwa na askari juu. Vilikuwa vibao vitupu, na kila kimoja kilikatwa ili urefu wake juu ya ramani ulingane na nafasi ambayo kikosi halisi kingechukua uwanjani. Ofisa aliyejaribu kupitisha vikosi vitatu kwenye daraja la kikosi kimoja aliona kosa lake kwa macho, bila mwamuzi kufungua mdomo. Miaka mia mbili baadaye watengenezaji wa sanamu wametupa askari wazuri kupindukia, nasi tumeisahau hesabu.

Hebu tuifanye. Kampuni ya kivita ya Wajerumani katika Afrika Mashariki ilikuwa na askari 160 hadi 200, Wazungu 16 hadi 20, bombomu mbili kwa kawaida, na wapagazi kama 250. Ikitanda kwa mapigano, askari 160 wakiachiana mita mbili mbili, inachukua mita 320. Chukua meza ya kawaida ya sentimita 120 kwa 90, na useme kila milimita ni mita 10. Meza yako sasa ni kilomita 12 kwa 9, inatosha kabisa kwa ukanda wa Goma na Gisenyi. Kampuni yako iliyotanda inakuwa na upana wa milimita 32. Kata kibao cha milimita 30 na usonge mbele.

Sasa iweke kampuni ileile njiani. Hakuna barabara ya magari. Wanatembea msururu, mmoja nyuma ya mwingine. Askari 160, Wazungu 16, wapagazi 250, jumla watu 426; kwa mita mbili kila mtu, msururu una urefu wa mita 850 hivi, yaani milimita 85 mezani. Kibao kimoja cha milimita 30 kikigeuzwa kwa urefu hakitoshi kuwakilisha hayo, lakini vitatu vinatosha: kimoja cha bunduki, viwili vya wapagazi. Hapo umepata kitu ambacho vitabu vingi vya kanuni havikupi. Kampuni yako ikitaka kushuka kutoka mlimani na kutanda, mkia wake bado uko karibu kilomita nzima nyuma, na adui akitokea ubavuni anakutana na mizigo kabla hajakutana na bunduki.

Kwa hiyo wapagazi wapewe vibao vyao. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo linaloachwa kila mara. Mashambulizi ya Wabelgiji ya 1916 yalikuwa na askari zaidi ya 10,000, lakini idadi inayotajwa ya wapagazi walioandikishwa kwa vita vile ni 260,000. Jeshi la Kivu lisilo na wapagazi mezani ni jeshi la Ulaya lililopakwa rangi nyeusi. Wape kibao cha upana uleule wa milimita 30, wachache, wameinama, hawakupangwa kwa mistari. Huhitaji kununua sanamu maalumu; askari yeyote wa milimita 6 ukimkata bunduki na kumwekea tone la gundi nene kichwani, gundi ikikauka ukaipaka rangi ya gunia, amekwisha kuwa mpagazi.

Uasi wa 1944 ni hesabu nyingine. Hapa hakuna kampuni zinazotanda kilomita. Kuna makundi ya watu msituni, vijiji, njia za miguu, na vikosi vidogo vya Force Publique vinavyowasaka. Ukitumia milimita moja kwa mita 10, tukio zima litajificha chini ya kikombe chako cha chai. Badili uwiano: milimita moja iwe mita moja. Meza ileile sasa ni kilomita 1.2 kwa mita 900, na kibao cha milimita 20 kwa 20 ni kundi la watu kumi hivi. Kwa waasi napendelea kibao cha duara, kwa sababu hawakufundishwa gwaride wala hawana ubavu wa kijeshi wa kuonyesha. Kwa askari wa serikali kibaki cha mraba. Kwa kuangalia umbo tu utajua ni nani, hata taa ikififia.

Mtu ataniuliza: mbona kanuni nilizonunua zimeshataja ukubwa? Ni kweli. De Bellis Antiquitatis ya Phil Barker, iliyotoka 1990, inataka milimita 40 za mbele kwa askari wa milimita 15 kushuka chini, na 60 kwa wakubwa. Warmaster ya mwaka 2000 ni 40 kwa 20. Baccus wa Sheffield, ambao askari wao wa milimita 6 wamesambaa dunia nzima, wamezoea 60 kwa 30. Volley & Bayonet ya 1994 ilikwenda mbali zaidi, inchi tatu kwa tatu. Vipimo hivi havikubuniwa kwa ajili ya vilima vya Kivu. Havina kosa huko kwao. Lakini chukua kibao cha 60 kwa 30, kiweke juu ya mgongo wa kilima cha Masisi ulioukata kwa upana wa milimita 25, uone kitakavyoning'inia.

Habari njema ni kwamba kanuni nyingi hazijali milimita. Zinajali pande zote mbili ziwe na upana mmoja wa mbele. Toleo la tatu la De Bellis Antiquitatis hupima hata mwendo kwa upana wa kibao, si kwa sentimita. Maana yake unaweza kugawanya kila kitu kwa mbili: vibao vya milimita 20 badala ya 40, na ubao wa mchezo wa sentimita 30 badala ya 60. Vita nzima inaenea kwenye sinia. Kwa mtu anayeishi chumba kimoja Goma, Bukavu au Kariakoo, hilo ni jambo kubwa kuliko uzuri wa sanamu.

Upana wa mbele, basi, usibadilike ndani ya jeshi wala baina ya majeshi. Kina cha nyuma ndicho chenye uhuru, na Masisi ndiyo itakayokuamulia. Vilima vingi vya mezani hujengwa kwa tabaka, sponji ngumu au kartoni iliyobandikwa moja juu ya nyingine kama ngazi. Kila tabaka liwe na ukingo mpana kuliko kina cha kibao chako, walau kwa milimita tano. Kibao chenye kina cha milimita 20 kinahitaji ukingo wa 25. Cha 40 kinahitaji 45, na kilima chenye ngazi tano za 45 kila upande kimekula karibu nusu mita ya meza. Ukiwa na kilima kimoja tu si tatizo. Masisi haina kilima kimoja. Kwa kina cha 20 unaweza kupanga migongo mitatu, mabonde mawili katikati, na bado pakabaki mahali pa kijito. Mimi sivuki 20 kwa askari wa miguu, na mzinga naupa 30 kwa kuwa una watu wanaoukokota.

Wengine hupenda vilima laini visivyo na ngazi, vinavyopendeza kwenye picha. Vizuri, ila kibao kinateleza. Sumaku haisaidii pale kilima kikiwa cha sponji. Kinachosaidia ni kubandika msasa laini chini ya kibao, au kitambaa cha mabaki ya shati kisichoteleza. Na kibao kiwe chepesi. Chuma kizito kwenye mteremko kinashuka chenyewe, na bombomu yako inaishia bondeni kabla ya adui kupiga dadu.

Tuingie Walikale. Msitu ndio unaoumbua vibao vikubwa. Kwenye meza ya Ulaya msitu ni kiraka cha kijani ambacho unakizunguka. Kwenye meza ya Walikale msitu ndio meza, na sehemu zilizo wazi ndizo viraka. Kibao cha milimita 40 kwa 40 hakipiti kati ya miti bila kuiangusha, na mchezaji aliyeangusha miti mara nne anaanza kucheza kwa kukwepa msitu, jambo ambalo Walikale halina maana.

Dawa ni mbili na nazitumia zote. Ya kwanza ni kubandika miti juu ya sahani kuukuu za CD, mitano au sita kwa sahani, ili kikosi kikiingia unainua sahani nzima na kuweka kibao mahali pake. Tundu la katikati lizibe kwa karatasi. Ya pili ni kukata njia. Kibao cha 30 kwa 20 kikigeuzwa kwa safari kina milimita 20 mbele, kwa hiyo njia ya milimita 25 inatosha, na kwa macho bado inaonekana njia ya mguu. Ukiwa na kibao cha 40, njia lazima iwe 45, na hapo hujachora njia ya msituni, umechora Kilambo, kile kipande cha barabara ambacho ndege za kubeba kasiterite, yaani mawe ya bati, zilikuwa zinatua juu yake.

Nimetaja kasiterite makusudi. Wakati madini ya mgodi wa Bisie, hukohuko Walikale, yalipokuwa yanatolewa kwa mabega, wabebaji waliopita msituni na magunia yao mpaka barabarani walitembea vilevile, mmoja nyuma ya mwingine. Aliyewahi kupishana na msururu kama huo anajua kwamba mtu wa mbele na wa mwisho hawaoni jambo moja. Kwenye kanuni zako andika hivyo: vibao vilivyo njiani msituni hupigana kimoja kimoja kutoka mbele, na cha nyuma hakisaidii mpaka kitandae. Huhitaji jedwali la kurasa mbili. Ukubwa wa kibao na upana wa njia vimeshafanya kazi hiyo.

Vijiji navyo. Kwa milimita moja kwa mita 10, nyumba mbili za karatasi tayari ni kijiji kizima. Weka kijiji kwenye kibao chake chenye ukubwa ambao vibao vya askari vinaugawa sawasawa: 60 kwa 40 kinapokea vibao vinne vya 30 kwa 20. Nyumba zisigandishwe, ziondolewe askari wakiingia. Ukisahau hili utashindwa kujua kama kampuni imeingia kijijini au imesimama juu ya paa.

Idadi ya askari kwa kibao isikusumbue sana, ingawa ndiyo inayozua kelele nyingi. Askari wa milimita 6 wa Baccus huja kwenye vipande vya wanne wanne. Kwa gwaride la Napoleon viache hivyohivyo. Kwa Kivu vikate, uwatawanye watano au sita kwenye kibao cha 30 kwa 20, mmoja amepiga goti, mwingine yuko nyuma kidogo, na nafasi iliyobaki uijaze majani. Wa milimita 10 watatu wanatosha. Wa milimita 3 unaweza kuweka kumi na tano na bado wakaonekana wachache. Kibao kilichojazwa pomoni kinapendeza dukani, lakini kinasema uongo kuhusu vita vya vichakani, na kinakumalizia fedha.

Kuhusu vifaa, usidanganyike kwamba lazima viagizwe Uingereza. Plaiwudi ya milimita 3, au tripleksi ukiwa Goma, ni bora kuliko zote: haijikunji, inashikika kwa vidole viwili pembeni bila kugusa askari, na fundi seremala ana mabaki yake. Kartoni ngumu ya milimita 2 inafaa, mradi uipake rangi pande zote mbili siku hiyohiyo; ukipaka juu tu inajipinda na kuinua kona. Makamanda, Tombeur, Molitor, Wintgens, wape washa za duka la vyuma, za duara, ili usiwachanganye na kampuni. Na kama askari wenyewe hawapatikani, wachore kwenye karatasi ngumu, ukunje, ubandike. Jeshi la karatasi lenye vibao sahihi hucheza vizuri kuliko jeshi la risasi lenye vibao vya kubahatisha.

Acha ukanda wa milimita 4 nyuma ya kila kibao kwa ajili ya jina la kikosi. Andika kwa penseli kwanza. Rangi ya ardhi isiwe kijani kibichi cha malisho wala nyekundu ya udongo wa msituni; chagua kahawia ya katikati, kwa maana majeshi haya yatatoka meza moja kwenda nyingine, na kibao cha kijani kikifika Walikale kinaonekana kama bustani inayotembea.

Bado una shaka? Usinunue. Kata vibao kumi vya kartoni vya 30 kwa 20 na kumi vya 40 kwa 40. Usibandike chochote juu yake, andika tu B kwa bunduki na W kwa wapagazi. Panga vitabu chini ya shuka viwe migongo ya Masisi, mwite rafiki, mcheze jioni moja na kundi la kwanza, nyingine na la pili. Jioni ya pili ikiisha mtajua wenyewe mnataka kipi, na hapo ndipo uagize askari.